Kubadilisha Gia ya Nyuma ya Baiskeli Kuukuu

(Mazungumzo na wawakilishi wa vikundi vya kujisaidia. Yanachapishwa kwa ombi la vikundi ambavyo havikuweza kufika.)



Najua kwenye ratiba imeandikwa mikopo midogo. Hiyo itakuja baada ya chakula. Asubuhi hii tuzungumze juu ya mali ambayo tayari tunayo. Katika vikundi vingi baiskeli ya kikundi imeegemezwa ukutani, kuku wanalala juu yake, na ukiuliza unaambiwa, "Gia imekufa." Fremu ni nzima, magurudumu yanazunguka, breki zinashika. Kitu kimoja tu kinachoweza kukaa kwenye kiganja cha mkono ndicho kimeharibika, na kwa ajili yake maziwa yanapelekwa kwa miguu na mhudumu wa afya anatembea kilomita kumi kumwona mgonjwa.

Sizungumzi juu ya Black Mamba. Black Mamba haina gia za kubadilisha, na ndiyo sababu inaishi miaka mingi. Nazungumza juu ya hizi baiskeli za mtumba zilizotengenezwa Uingereza, Ufaransa au Japani, nyingi katika miaka ya 1970 na 1980: Raleigh, Peugeot na nyinginezo. Zina sproketi mbili mbele, na nyuma tano au sita. Nyuma, chini ya friwili, kuna chombo chenye mkono na roda mbili ndogo. Kazi yake ni mbili: kusukuma cheni itoke sproketi moja kwenda nyingine, na kuivuta cheni isilegee. Wengi huita chombo hicho "gia ya nyuma." Mimi leo nitakiita kihamisha cheni, ili tusikichanganye na sproketi zenyewe.

Diploma yangu ya kazi ya jamii haikuwa na somo la baiskeli. Niliyoyajua nimeyajua kwa kuendesha vijijini na kwa kukaa na mafundi wenye subira. Kwa hivyo fundi aliye hapa akiona nimeruka kitu, anyooshe mkono.

Kwanza, kabla ya kununua chochote, hakikisheni ya kuwa kilichokufa ni kihamisha cheni. Mara nyingi sicho. Fungua waya wa gia pale ulipobanwa, halafu sukuma chombo kwa mkono kuelekea kwenye spoki, uachilie. Kikirudi haraka chenyewe, springi yake ni hai. Basi tatizo laweza kuwa waya ulioota kutu ndani ya ganda lake, na waya ni bei ndogo sana. Kikirudi polepole kama mzee anayeinuka kitini, kioshe kwa mafuta ya taa na mswaki wa zamani, kikaushe, tia oili kidogo kwenye viungo, ujaribu tena. Nimeona vihamisha cheni vilivyohukumiwa kutupwa vikifufuka kwa kikombe kimoja cha mafuta ya taa.

Kuna tatizo lingine linaloiga kifo cha kihamisha cheni, nalo ni leva iliyolegea. Baiskeli hizi za zamani nyingi zina leva mbili kwenye bomba la fremu linaloteremka kuelekea kwenye pedali. Leva hiyo haina vituo, inashikiliwa na msuguano tu. Skrubu yake ikilegea, springi ya kihamisha cheni inaivuta leva mbele, na ukiwa katikati ya mlima cheni inaruka yenyewe. Kaza ile skrubu. Nyingine zina kishikio kidogo cha kukazia kwa vidole, wala huhitaji bisibisi.

Ukikuta viungo vinachezacheza kiasi kwamba ukishika mkono wa roda unayumba kama jino bovu, au bamba limepinda, au mwili una ufa, hapo kweli kimekwisha. Angalieni sana zile Peugeot za zamani. Kampuni ya Simplex ya Ufaransa ilitengeneza vihamisha cheni vingi kwa plastiki ngumu nyeusi, na plastiki ikizeeka hupasuka. Hiyo haitibiki kwa gundi wala kwa waya.

Sasa kununua. Si lazima kitafutwe cha kampuni ile ile, wala cha umri ule ule. Hapa wengi wanadanganywa. Anayeuza anasema, "Baiskeli yako ni ya gia tano, hiki ni cha gia saba, hakiingii." Kwa leva isiyo na vituo, kinaingia. Leva ya msuguano inavuta kiasi unachotaka wewe, haina habari ya hesabu ya sproketi. Ni leva zile zenye kulia "tik, tik" kwa kila gia ndizo zinazotaka chombo na friwili vinavyopatana nazo. Leva za namna hiyo zilienea baada ya Shimano kutoa zake mwaka 1984, kwa hivyo baiskeli nyingi za kabla ya hapo hazina shida hiyo.

Na cha baadaye mara nyingi ni bora kuliko cha awali, hata kikiwa cha bei ya chini. Watu walichukua muda mrefu kukubaliana juu ya chombo hiki. Mashindano ya Tour de France yalianza mwaka 1903, lakini waendeshaji hawakuruhusiwa kutumia vihamisha cheni mpaka mwaka 1937. Kabla ya hapo mtu alifika chini ya mlima, akashuka, akatoa gurudumu la nyuma na kuligeuza, kwa sababu lilikuwa na sproketi kila upande! Halafu mwaka 1964 kampuni ya SunTour ya Japani ilileta kihamisha cheni chenye mwili ulioinama, ambao unashuka na kupanda ukifuata ukubwa wa sproketi. Haki ya kampuni hiyo ilipokwisha katikati ya miaka ya 1980, wengine wote wakaiga. Ndiyo sababu hicho cha kawaida kilichotolewa kwenye baiskeli ya mlimani iliyokufa kinaweza kuhamisha cheni vizuri kuliko kile cha fahari cha mwaka 1970. Msione haya kununua kilichotumika. Kishikeni, kisukumeni, kitikiseni. Roda zake ziwe na meno, si zimelika zikawa kama miiba.

Mambo mawili lazima muyapime kabla ya kutoa pesa ya kikundi.

La kwanza ni namna kinavyoshikamana na fremu. Baiskeli nzuri zina sikio, yaani kipande cha chuma cha fremu yenyewe kinachoshuka chini ya ekseli, chenye tundu la nyuzi. Baiskeli za bei nafuu hazina sikio. Chombo kinaning'inia kwenye kibamba kinachobanwa na nati ya ekseli. Kama yenu haina sikio, nunueni kihamisha cheni pamoja na kibamba chake, ama mtumie kibamba cha zamani kama hakijapinda. Nyuzi za kawaida za sikio ni za kipenyo cha milimita 10, na kutoka uzi hadi uzi ni milimita 1. Baadhi ya zile zenye Simplex tundu la sikio halina nyuzi kabisa. Hapo fundi wa chuma mwenye tapi ya milimita 10 kwa 1 atakuchongea. Msikubali mtu alazimishe bolti kwa nyundo. Sikio likiharibika, ni fremu imeharibika.

La pili ni urefu wa mkono wenye roda. Hii ni hesabu ya darasa la tatu, na ningependa akina mama wenye kushika hazina waijue, ili wasije wakaambiwa "hayo ni mambo ya mafundi." Hesabu meno ya sproketi kubwa ya mbele, toa meno ya ndogo ya mbele. Tuseme ni 52 na 40: tofauti ni 12. Fanya vivyo hivyo nyuma. Tuseme ni 28 na 14: tofauti ni 14. Jumlisha: 26. Hicho ndicho kiasi cha kulegea ambacho mkono unatakiwa kukimeza. Kihamisha cheni cha mashindano chenye mkono mfupi kinaweza kushindwa kumeza kulegea kwingi hivyo, na vingi vya namna hiyo haviifikii hata sproketi ya meno 28. Kwa sisi wenye milima na mizigo, chukueni chenye mkono mrefu. Ukiwa na wasiwasi, mrefu haukosei.

Cheni nayo itazamwe. Cheni ya Black Mamba ni pana mno, haiwezi kupita kati ya sproketi zilizosongamana. Inatakiwa ile nyembamba ya baiskeli za gia. Na kama ni ya zamani, ipimeni kwa futi ya seremala. Katika cheni mpya, kutoka katikati ya pini moja, inchi 12 kamili zinaangukia katikati ya pini nyingine. Ikiwa pini hiyo imesogea mbele kwa sehemu moja ya kumi na sita ya inchi, badilisheni cheni. Ikiwa imesogea sehemu moja ya nane, friwili nayo imekwisha kuliwa, na cheni mpya itaruka juu yake. Ni afadhali mjue hilo sokoni kuliko mlimani.

Vifaa si vingi: spana ya 15 ya nati ya ekseli, spana ndogo za 8, 9 na 10, ufunguo wa Allen wa milimita 5, bisibisi, kifaa cha kutolea pini ya cheni, praisi kali ya kukata waya, grisi, kitambaa. Baiskeli msiipindue kichwa chini, kwa maana hamtaona vizuri na leva zitakuwa chini ya mguu. Ining'inizeni kwa kamba kwenye tawi, gurudumu la nyuma liwe hewani, macho yako yafike kwenye friwili.

Weka cheni kwenye sproketi ndogo kabisa ya nyuma. Fungua waya. Kata cheni kwa kifaa chake, ama fungua bolti ya roda ya chini ili bamba lifunguke na cheni itoke bila kukatwa. Fungua kihamisha cheni cha zamani kwa kuzungusha kinyume cha saa. Kama kimeshika kutu, tia mafuta, nenda ukanywe chai, urudi. Hasira hapa inavunja sikio.

Kabla ya kuweka kipya, simama nyuma ya baiskeli utazame sikio. Liwe wima, sambamba na gurudumu. Baiskeli ikianguka upande wa kulia sikio hupinda kwenda ndani, na hapo hata chombo kipya kutoka kiwandani hakitafanya kazi. Chuma cha zamani kinaweza kunyooshwa polepole na spana kubwa. Aluminiamu usijaribu, itakatika.

Safisha nyuzi, paka grisi kidogo, na uanze kufunga kwa vidole. Narudia, kwa vidole. Nyuzi hizo ni nyembamba, na bolti ikiingia upande unazikata zote. Ikizunguka mara tatu nne bila kukataa, sasa chukua ufunguo. Ukimaliza kukaza, chombo kiweze kubembea nyuma na mbele kwenye bolti yake.

Urefu wa cheni upatikane hivi: izungushe cheni kwenye sproketi kubwa ya mbele na kubwa ya nyuma, bila kuipitisha kwenye kihamisha cheni. Ivute mpaka ncha zikutane, kisha ongeza inchi moja. Kata hapo. Fupi mno, siku mtu akiingiza kubwa kwa kubwa itang'oa chombo. Kuipitisha: kutoka friwili, cheni ipite mbele ya roda ya juu, kisha nyuma ya roda ya chini, ndipo iende mbele kwenye pedali. Ndani ya bamba nyingi kuna kijipande cha chuma kinachozuia cheni isitoke. Cheni ipite ndani yake. Ukisikia kelele ya kukwaruza siku nzima, ndicho hicho.

Sasa nakuja kwenye skrubu mbili ndogo, na hapa naomba vijana waache kuzungumza.

Kikundi kimoja ninachokifahamu kilikuwa na kijana wa kupeleka maziwa. Baiskeli ilitoka kutengenezwa siku ile, kihamisha cheni kipya, inang'aa. Akapanda mlima na mitungi miwili, akavuta leva kutafuta gia nyepesi. Cheni ilipita sproketi kubwa ikaingia kwenye spoki. Gurudumu lilisimama ghafla. Alivunjika mkono, maziwa yote yakamwagika, na kihamisha cheni kile kipya kikaviringika kwenye spoki kama uzi. Mkutano uliofuata walianza kulaumiana: mweka hazina, fundi, kijana mwenyewe eti alivuta kwa nguvu. Kijana hakukosea chochote. Aliyekifunga hakuigusa skrubu moja.

Skrubu hizo ziko kwenye mwili wa chombo, na mara nyingi zimeandikwa H na L. H inazuia cheni isianguke nje upande wa sproketi ndogo. L inazuia isiingie kwenye spoki upande wa sproketi kubwa. Kama herufi zimefutika, zungusha moja huku ukitazama mkono unasogea lini.

Zirekebishe kabla ya kufunga waya. Cheni ikiwa kwenye sproketi ndogo, simama nyuma, zungusha H mpaka roda ya juu ikae sawasawa chini ya sproketi hiyo. Kisha mwenzako azungushe pedali polepole, nawe usukume chombo kwa mkono mpaka cheni ipande kwenye sproketi kubwa. Kaza L mpaka chombo kikatae kwenda mbele zaidi, lakini cheni iwe imepanda bila kusita. Halafu kisukume kwa nguvu, kwa makusudi, kama mtu anayetaka kuiangusha. Ikikataa kwenda kwenye spoki, umemaliza. Vidole vikae mbali na spoki na meno, na mwenye kanga au leso ndefu aifunge vizuri.

Waya nunueni mpya, pamoja na ganda. Leva isukumwe mbele kabisa, waya uvutwe kwa mkono mpaka usilegee, ubanwe chini ya bolti yake kwenye mfereji uliochongwa. Kata ubakize kama vidole viwili, na ncha uichovye kwenye nta ya mshumaa isichanue. Vyombo vingi vina skrubu nyingine nyuma karibu na sikio, ya kusogeza roda ya juu mbali na sproketi. Cheni ikiwa kwenye sproketi kubwa, roda isiiguse, ibaki nafasi kama ya milimita tano au sita.

Jaribuni kwanza bila mzigo mahali tambarare, halafu mlimani, halafu na mzigo. Na anayeendesha aambiwe: badilisha gia kabla mlima haujakaza, miguu ikizunguka kwa wepesi. Ukisimama juu ya pedali na gunia nyuma ndipo uvute leva, hakuna chombo kitakachovumilia.

Mama mmoja hapa aliniuliza wakati wa chai kama si afadhali kuziondoa gia zote. Swali zuri, na jibu langu ni kwamba mara nyingine ndiyo. Kama baiskeli inatembea tambarare tu, au friwili na cheni na kihamisha cheni vyote vimekwisha kwa pamoja, kata cheni ifupike, ipite sproketi moja ya katikati iliyonyooka na ya mbele. Fremu hizi za zamani zina nafasi ya kuteleza ekseli, kwa hivyo unakaza cheni kwa kuvuta gurudumu nyuma. Utakuwa na Black Mamba nyembamba. Hakuna aibu. Lakini kwa mhudumu wa afya anayepanda na kushuka mabonde kutwa, gia ile nyepesi ndiyo inayomfikisha kwa mgonjwa wa mwisho kabla ya giza, na kwake mimi ningenunua kihamisha cheni. Siku hizi pikipiki zimejaa kila njia panda, ni kweli, lakini pikipiki inadai petroli kila asubuhi.

Kikundi kiandike kwenye daftari tarehe ya matengenezo, kilichonunuliwa, na nani alikifunga. Baada ya wiki moja ya kwanza waya utakuwa umelegea kidogo, kwa hivyo ufunguliwe, uvutwe, ubanwe tena, na zile skrubu mbili zijaribiwe kwa mkono kama nilivyosema.

Nimeona nje baiskeli nne zimeletwa. Tuanze na ile ya bluu, maana mwenyewe anarudi mbali. Kijana, tafuta kamba.